Fuma Utakavyo, Usiweke Bei

Haya nawaandikia wenye viza ya mwanafunzi Uingereza, hasa wale wenye mkono: wafumaji, wadarizi, washonaji wa vitenge, watunga shanga. Neno lenyewe naliweka mwanzo kabisa ili hata atakayeishia hapa asiondoke mikono mitupu. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri. Kofia uliyoifuma wewe ukaiuza kwa faida yako ni kujiajiri. Hakuna idadi ya kofia iliyosamehewa kwa uchache wake, wala bei iliyosamehewa kwa udogo wake. Na ule msamaha wa mapato yasiyozidi pauni 1,000 utakaoambiwa na kila mtu ni habari ya kodi, kwenye viza haumo.

Nitalirudia hili mpaka unichoke.

Tuanze na baridi, maana ndiyo inayoanzisha yote. Saa zinarudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na ikifika Desemba huku Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Unaingia darasani taa zinawaka, unatoka taa zinawaka. Mtu aliyezoea jioni za barazani, wapita njia wakisalimia, anajikuta chumbani peke yake na usiku mrefu usio na kazi. Ndipo mikono inapokumbuka. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ambayo kila kochi, kila stuli na hata redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, nami nilikuwa nimeapa nikitoka hapo sitagusa sindano tena. Novemba yangu ya kwanza huku nikaenda mwenyewe kununua sindano.

Mambo ya nyumba nayapitia haraka. Mita ya kulipia kabla utaizoea siku hiyo hiyo, ni LUKU tu, ni tokeni tu. Tofauti ni kwamba hapa kuna tozo ya kila siku inayokatwa hata usipowasha taa. Ukienda nyumbani likizo ukaacha mita haina salio, ukirudi utakuta deni, nalo litaimeza hela ya kwanza utakayoweka. Upepo wa chini ya mlango unauzuia kwa mguu wa jinzi kuukuu uliojazwa matambara na kushonwa ncha zote mbili. Nyuma ya pazia shona blanketi. Nguo usizikaushe kwenye rejeta ya kupashia chumba joto huku madirisha yote yamefungwa, ukuta utaota ukungu na mwenye nyumba atakulaumu wewe. Fungua dirisha kidogo hata kama moyo hautaki. Mpira wa maji moto, ule mfuko wa kupashia kitanda joto, usiutie maji yanayochemka, na tazama lile ua dogo lililochapwa juu yake: ndiyo tarehe ya kutengenezwa, katikati mwaka, pembeni miezi. Umeshautumia miaka miwili, utupe.

Na jiko la mkaa lisiingie ndani. Hata umefungua dirisha, hata ni kwa dakika chache za kuchoma mahindi. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na inaua mtu amelala. Mahali pa kuotea kuni palipo kwenye nyumba za zamani napo pasikudanganye: mara nyingi bomba la moshi limezibwa, na sehemu kubwa ya miji ni eneo la kudhibiti moshi ambako kuchoma kuni kwenye kitu kisichoidhinishwa kuna faini.

Sasa uzi. Uzi mpya wa sufu ni ghali. Nenda maduka ya mitumba ya mashirika ya hisani, yapo kila mtaa wa maduka, utafute sweta kuukuu la sufu ulifumue. Kabla hujalipa, ligeuze ndani nje utazame mshono wa ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa oveloki, liache: lilikatwa kutoka kwenye kitambaa kizima, na ukifumua utapata vipande vipande visivyofika popote. Ukiona kila upande una kingo zake kamili, kisha pande zikaunganishwa kwa mshono wa mnyororo unaovutika, hilo ndilo. Fungua mshono, tafuta mwisho wa uzi shingoni, vuta. Uzi utatoka umejikunjakunja kama tambi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu tatu nne usijitatize, uuloweke, kisha uutundike bafuni na kitu kizito chini mpaka ukauke umenyooka. Sweta moja la mwanamume mnene linatoa kofia kadhaa na skafu. Ila uzi wa akriliki usiufumie mishikio ya sufuria. Ukikutana na moto unayeyuka na kugandia mkononi. Jikoni tumia pamba au sufu.

Halafu tafuta wenzako. Maktaba nyingi zina kikundi cha wafumaji, bure, chai ipo, na tangu baridi ya 2022, bei za nishati zilipopanda, maktaba na makanisa mengi yamekuwa yakifungua milango watu waote joto bila kuulizwa maswali. Waingereza hawasalimii kwenye basi, hilo utalijua mapema. Lakini kaa karibu na bibi wa Kiingereza mwenye sindano mkononi, atakueleza mpaka ugonjwa wa paka wake. Huku Yorkshire sufu ndiyo iliyowajenga. Halifax kuna jengo liitwalo Piece Hall, lilifunguliwa 1779, vyumba zaidi ya mia tatu vimezunguka uwanja, na wafumaji wa vijijini walikuwa wakileta humo vitambaa walivyofuma majumbani mwao kwa mikono. Baadaye viwanda vikawameza. Leo wajukuu wa wale wafumaji wanalipia kozi ya wikendi wafundishwe kusokota uzi. Maisha ambayo bibi wa Makunduchi anayaishi kwa kuwa hana mengine, hapa yanauzwa kwenye magazeti yenye karatasi ya kung'aa, na picha ya kikombe cha chai pembeni ya mshumaa. Siwacheki. Wamegundua walichopoteza, na wana pesa ya kukinunua tena. Na hapo kwenye pesa yao ndipo mtego wako ulipo.

Mtego huu umetegwa na watu wema. Hakuna tapeli ndani yake. Utafuma kofia, utamzawadia mmoja wa kikundi, mwingine atasema nami nataka, nitakulipa. Wa tatu atasema jamani hizi ungeziuza, mwisho wa Novemba kuna gulio la kazi za mikono kwenye ukumbi wa kanisa, chukua meza. Wewe, mtu mwenye adabu zako, utauliza: naruhusiwa? Nao watakujibu kwa moyo mweupe: chini ya pauni elfu moja hakuna shida.

Na ni kweli, kwao. Tangu Aprili 2017 serikali ya hapa haitozi kodi mapato ya biashara ndogo yasiyozidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, yaani kuanzia tarehe 6 Aprili hadi 5 Aprili inayofuata. Tena ni mapato yote kabla hujatoa gharama ya uzi, wengi wanadhani ni faida. Ni utaratibu mzuri. Lakini unasimamiwa na mamlaka ya mapato, HMRC, na HMRC haitoi viza. Mwenyeji hajawahi kushika viza maishani mwake. Ukimwuliza "naruhusiwa?" yeye anasikia "nitalipa kodi?", na analijibu swali hilo sawasawa kabisa. La kwako linabaki bila jibu na hakuna aliyeona. Msimamizi wa gulio naye atakuuliza bima ya dhima, ile ya kumlipa mtu akidhurika kwa bidhaa yako, na pesa ya meza. Ukionyesha vyote viwili, utapewa meza na namba yake. Hakuna atakayekuuliza viza, maana si kazi yake. Kwetu, mtu akikupa kizimba sokoni umeshapita kwa mtendaji, umeshapita halmashauri, kitambulisho kimeangaliwa na kila mwenye mhuri. Kwa hiyo ukipewa meza unajiona umeruhusiwa. Hapa kila ofisi inatazama pua yake tu. Kutokuzuiwa si ruhusa.

Mimi nilichukua meza, na gulio likanipiga picha. Wakaiweka mtandaoni: jina langu, nchi yangu, chuo ninachosoma na sifa tele za kofia. Walikusudia kunipamba. Januari barua pepe ikaja kutoka kitengo cha chuo kinachofuatilia masharti ya viza. Chuo ndicho mdhamini wa viza yako, na mdhamini ana wajibu wa kutoa taarifa uhamiaji anapoona sharti limevunjwa. Yangu yaliishia kwa vikao, maelezo ya maandishi, onyo, na ada ya mwanasheria iliyokula mapato ya meza ile mara nyingi na chenji isirudi. Kuna wenzangu watasema nilibahatika, na ni kweli. Ruhusa ya kukaa inaweza kufutwa, na maombi yako yajayo yakabeba doa hilo. Tangu sheria ya uhamiaji ya 2016, kufanya kazi huku ukijua huna ruhusa ni kosa la jinai, na kujiajiri kumetajwa humo.

Sasa ujanja wa vijiweni, maana najua tayari unauwaza.

"Hela itaingia M-Pesa ya dada." Mfumaji ni nani? Amekaa wapi anapofuma? Ni wewe, na umekaa Uingereza. Hata mteja akiwa Kinondoni na malipo yakiishia Kinondoni, kazi imefanyika hapa.

"Nitauza kwenye tovuti, hawataona." Tangu Januari 2024 majukwaa ya kuuzia mtandaoni yanatakiwa kukusanya taarifa za wauzaji, na aliyefikisha mauzo 30 au mapato ya takriban euro 2,000 kwa mwaka anaripotiwa HMRC. Usije ukasoma hapa kwamba mauzo 29 ni halali! Nasema tu kwamba habari ya kutoonekana haipo tena. Matangazo ya video zako nayo ni mapato. Kama TikTok inakulipa kwa kuonyesha unavyofuma, bado ni kujiajiri.

"Watalipa kama sadaka." Kama sadaka inakwenda kwako na kofia inakwenda kwake, hayo ni mauzo.

"Nitafundisha, sitauza." Hapa sikiliza vizuri, maana hili limewanasa watu wenye digrii mbili. Kituo cha jamii kikikuajiri kwa mkataba, kikakukata kodi na kukupa hati ya mshahara, hiyo ni ajira, na inaingia kwenye saa zako 20 za wiki wakati wa masomo. Walio kwenye kozi za chini ya digrii wana saa 10. Wiki inahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, na huwezi kufidia wiki moja kwa nyingine. Lakini wakikwambia "tuletee ankara tukulipe", simama hapo hapo. Ankara ni ya mtu aliyejiajiri. Kazi ni ile ile, ukumbi ule ule, akina mama wale wale, na karatasi moja inakutoa kwenye halali. Wao hawajui, ni utaratibu wao wa kawaida kwa wenyeji. Ankara, ndugu zangu. Likumbukeni neno hilo.

"Ataandikishwa mume wangu." Mwenza mwenye viza ya utegemezi anaruhusiwa kujiajiri, kweli. Basi ifume yeye, aiuze yeye, hela iwe yake. Kama yeye ni jina tu na wewe ndiye mwenye meza, hujajificha popote.

Nije kwa ndugu wa nyumbani. Mama zangu, mashangazi zangu, nawapenda, lakini tulieni kidogo. Mkisikia mtoto yuko Ulaya anauza kofia, siku ya pili mzigo uko njiani. Mama mdogo wangu alifunga boksi la vikapu vya ukili, vyote saizi moja, vinyago vya mpingo, na kombe za baharini "za kupambia meza". Juu akaandika zawadi. Mama, zawadi haiwi vikapu ishirini vya saizi moja! Forodha ya hapa inasamehe zawadi ya mtu kwa mtu yenye thamani isiyozidi pauni 39. Ikizidi, mpokeaji analipishwa kodi, na kampuni ya mizigo inaongeza ada yake ya kuhudumia. Na mzigo unaofanana na bidhaa unachukuliwa kuwa bidhaa, hata uandike zawadi kwa wino wa dhahabu. Kuandika thamani ya uongo ndiyo kabisa, usimfundishe mtu.

Mpingo nao una sheria zake. Tangu Januari 2017 karibu jamii yote ya miti hiyo, *Dalbergia*, imo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Vitu vilivyokamilika vyenye mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa shehena vimeachiwa, kwa hiyo kinyago kimoja cha Kimakonde cha kuwekea sebuleni hakina tatizo la kibali cha mkataba huo. Gogo la kuja kuchonga huku lina tatizo. Matumbawe, kombe kubwa za jamii ya *Tridacna* na magamba ya kasa usivitie kwenye boksi, na pembe za ndovu sidhani kama kuna haja ya kusema. Boksi la mama mdogo nililikuta forodhani na karatasi ya kujaza. Vikapu nililipia, vingine vyote sikuviona tena. Nyumbani mpaka leo wanaamini nimeviuza na ninabana hela.

Basi ufume uweke wapi? Zawadia watu, hakuna sharti la viza linalogusa zawadi. Toa kwa hisani: hospitali, makanisa na makazi ya wasio na nyumba hupokea kofia na blanketi, nao wakiziuza kwenye gulio lao hela inaingia kwao, wewe hupati hata nauli. Fuma vyako na vya wanao, na ndipo kufuma kulipo na maana kubwa zaidi kwa maoni yangu, maana skafu, kofia na glavu ukivinunua vyote dukani Oktoba, pesa ya chakula cha mwezi inayumba. Koti lako la zamani ukiliuza kwa mwenzako hufanyi biashara, umeondoa tu kitu chako. Kilichotengenezwa ili kiuzwe ndicho kinachobadilisha hesabu.

Ukiwa na shaka, kuna milango miwili na usiichanganye. Kitengo cha chuo kinachofuatilia viza kipo kwa ajili ya leseni ya chuo ya kudhamini viza. Kituo cha ushauri cha umoja wa wanafunzi kipo kwa ajili yako, ni bure, na mazungumzo ni ya siri. Anza na hicho cha pili, na uulize kabla ya kulipia meza, wala usisubiri barua. Nje ya hapo, mshauri wa uhamiaji asiye mwanasheria lazima awe amesajiliwa, na orodha iko wazi kwenye tovuti ya Immigration Advice Authority, ile iliyokuwa ikiitwa OISC mpaka Januari 2025. Yule kaka wa kwenye kundi la WhatsApp aliyemsaidia binamu yake hayumo kwenye orodha hiyo. Na yale maneno yake, "mimi niliuza miaka mitatu hawakunifanya kitu", yanakuhusu nini wewe?

Wanaomaliza masomo wana nafuu. Viza ya wahitimu inaruhusu kujiajiri, na hapo pauni 1,000 sasa zinakuhusu: chini yake, kwa kawaida hujisajili, ukizidi unajiandikisha HMRC kufikia tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka wa kodi kuisha. Chukua bima. Wanasesere wa kitenge wa kuchezea watoto lazima wapite vipimo vya usalama wa vitu vya kuchezea na wawe na alama yake, mishumaa ina lebo zake za kemikali, sabuni za kujitengenezea zinahitaji tathmini ya mtaalamu kabla hujauza hata moja. Kofia na skafu ndiyo njia nyepesi, anzia hapo.

Lakini hata hapa kuna kamtego ka mwisho, nako kamewapata wawili ninaowajua. Wametuma maombi ya viza ya wahitimu, wamelipa, wamepata barua pepe ya kupokelewa, ikawa Novemba, gulio linakaribia, wakaona mambo tayari. Barua ya kupokelewa si viza. Mpaka jibu litoke, masharti yako ni yale yale ya mwanafunzi, na kujiajiri bado hapana. Ingia kwenye akaunti yako ya UKVI, yaani idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza, fungua viza yako ya kielektroniki, soma aina ya ruhusa iliyoandikwa pale siku hiyo. Kama bado imeandikwa mwanafunzi, meza muachie mwingine mwaka huu. Kofia za sufu haziozi, ziwekee tu vipande vya mwerezi zisiliwe na nondo.